Vijiti vya Siku ya Mia

Ijumaa, 4 Oktoba

Itangazwe kwa ukoo mzima wa Kurimoto, walio hai na waliotangulia: leo asubuhi, saa mbili na robo, mjukuu wangu Caio amepiga chafya. Mara mbili! Chafya ya Kikurimoto kabisa, fupi, yenye nidhamu. Marehemu baba alipiga hivyo hivyo. Nimeandika saa.

Mke wangu, Mitsue, anasema ni vumbi la shuka. Mitsue hana jicho la mambo ya damu.

Mtoto ametimiza siku tisini na moja. Siku ya mia itaangukia Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu. Siku hiyo atalishwa kwa mara ya kwanza: wali, supu, samaki mzima na kichwa chake. Hali kitu, anaguswa tu midomo kwa ncha ya vijiti huku watu wazima wakijifuta machozi. Babu yangu aliitoa mila hii Japani, akaivusha bahari, akaifanya hapa Brazili ndani ya kibanda cha udongo katikati ya mibuni, kwa samaki wa mtoni mwenye miiba mingi kuliko nyama. Hatujawahi kuiruka. Anayeshika vijiti ndiye mtu wa siku hiyo. Picha zote ni zake.

Nitashika mimi.

Nina haki. Jina la mwisho la mtoto ni Brunelli, la upande wa baba yake. Ubatizo umefanyika kanisani kwao. Kitanda kimetoka kwao, kimechongwa malaika wanne wanono. Hata pua wanadai ni yao. Mimi nimebakiwa na chafya na vijiti.

Jumamosi, 5 Oktoba

Pigo!

Binti yangu Marina amekuja na mtoto, na karatasi ya maelekezo. Kapewa na Bi Nagashima, katibu wa chama chetu cha Wajapani wa hapa mjini, mwanamke ambaye hata kikohozi chake kina kanuni. Karatasi inasema mtoto wa kiume hulishwa na mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote katika familia, ili aurithi huo umri. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikaanza kukunja mikono ya shati.

Marina akasema, bila ubaya wowote, basi ni baba mkwe.

Baba mkwe ni Nestor Brunelli, babu mwingine wa mtoto. Kazaliwa tarehe mbili Novemba 1954. Mimi cheti changu kinasema tarehe ishirini Machi 1955. Miezi minne na nusu! Mtu anaweza kupokonywa mila ya ukoo wake kwa miezi minne na nusu?

Brunelli mwenyewe alikuwapo, kama kila Jumamosi, na soseji zake. Akajipiga kifua, akasimama juu ya kigoda, akaniambia: "Haya kijana, niamkie! Siku hizi watoto hamna adabu kabisa." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi. Meno tu.

Mwisho wa siku nilimwona amemshika Marina pembeni, wananong'onezana. Njama. Sikusikia kitu, maana Mitsue alikuwa anasugua sufuria kwa makusudi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimepata njia. Usiku mmoja tu wa kufikiri. Babu zetu hawakuhesabu umri kama watu wa leo. Mtoto akizaliwa ana mwaka mmoja tayari, na kila mwaka mpya ukiingia anaongezewa mwingine, siku yake ya kuzaliwa iwe imefika au haijafika. Kwa hesabu ya kisasa mimi nina sitini na tisa, Brunelli naye sitini na tisa. Kwa hesabu ya wazee, mimi ni sabini! Mila ya kale, hesabu ya kale. Nani atabisha?

Nikangoja chakula cha mchana kwa akina Brunelli. Nikangoja tambi ziishe. Nikainuka, nikagonga glasi, nikaeleza taratibu, hadi nikafika kwenye sabini. Watu wameguswa. Nikaketi.

Marina akachukua kalamu. Akasema hesabu hiyo tamu kweli, ngoja ajaribu na ya baba mkwe. Amezaliwa Novemba, akawa na mwaka mmoja palepale. Januari ikaingia, miwili, hata kukaa hawezi. Akajumlisha. Brunelli ana sabini na moja.

Nilikuwa nimepitwa kwa miezi minne na nusu. Sasa nimepitwa kwa mwaka mzima, na nimegonga glasi mwenyewe.

Brunelli akanipa pole. Akasema ujana nao una raha zake, mkwe.

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku nzima ndani. Nimefanya mazoezi ya vijiti kwa kutumia boga, maana lina ukubwa wa kichwa cha Caio. Wali, supu, wali, samaki, wali, supu. Mara tatu. Mkono hautetemeki. Mitsue amepita na ndoo, akasema boga limeshiba, nilicheulishe.

Halafu, wakati nakausha mdomo wa boga, ikanijia!

Cheti changu ni cha uongo!

Ukoo mzima unajua. Tulikaa mbali na mji, barabara ya matope, baba hakuwa na muda wa ofisi za serikali. Aliniandikisha siku alipokwenda mjini kununua farasi. Aliogopa faini ya kuchelewa, kwa hiyo alisema nimezaliwa wiki ile ile. Nikafunikwa blanketi. Inasemekana karani alipokuwa anaandika "mtoto mchanga", niliomba maji.

Kwa hiyo mimi ni mkubwa. Mkubwa sana! Nimemkumbatia Mitsue. Akauliza kuna nini. Nikasema mimi ni mzee. Akasema hiyo si habari.

Kuna jambo dogo moja. Kikombe. Mwezi Juni nilishinda mashindano ya karaoke ya chama, kundi la walio chini ya miaka sabini. Kikombe kipo juu ya friji, kina mabawa. Kama umri wangu wa kweli ni sabini na zaidi, basi niliimba katika kundi la watoto. Bi Nagashima akijua, atakuja kukichukua kwa mkono wake, na atataka kukisafisha kwanza mbele yangu.

Kikombe au vijiti? Nimekitazama muda mrefu. Kisha nimekihamishia ndani ya gunia la mchele.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemtangazia Marina. Amecheka mpaka mtoto akaamka. Baada ya dakika kumi Brunelli akapiga simu. Hawa watu habari kwao hailali.

Akaniuliza kwani mkwe nakimbilia wapi, wenzangu wanapaka nywele rangi, mimi naomba mvi. Nikamjibu kwa heshima kwamba ukweli ni ukweli. Akasema sawa, ukweli wenyewe uko wapi? Cheti kinamkataa, nani alikuwapo nilipozaliwa? Farasi?

Swali la kihuni, lakini swali. Baba hayupo. Mama hayupo. Mkunga hayupo. Aliyebaki ni mmoja tu: Baba Mdogo Takezo, mdogo wake baba, anayefuga kuku kule kwenye mashamba ya zamani, mwendo wa saa moja na nusu.

Hatujaonana miaka sita. Kwenye harusi ya Marina nilipomaliza kuimba, alisema mbele ya watu kwamba kanga wake wakisikia chui hulia vizuri zaidi. Niliapa sitakanyaga kwake. Marina amekuwa akinisihi kila mwaka mpya: baba, nenda. Nami kila mwaka nina mafua.

Nitakwenda. Sijamsamehe. Namhitaji kama shahidi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefika saa nne. Baba Mdogo alikuwa ameketi kati ya trei za mayai, akiyapima kwa jicho, moja moja. Kakonda, kawa mdogo kama kofia yake. Hakuuliza miaka sita nilikuwa wapi. Aliuliza kama nimekula. Akanikaangia mayai manne. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kiburi. Haikupata pa kupitia, mdomo ulikuwa umejaa.

Nikamwuliza nilizaliwa lini. Akajibu bila kuinua macho: mwaka wa ile baridi iliyounguza mibuni yote, 1953, mwezi wa saba. Alfajiri nililia, na mchana wake majani yote yalikuwa meusi, na baba akasema huyu amekuja na hasara yake mkononi.

Elfu moja mia tisa hamsini na tatu! Miaka sabini na moja kamili! Nilitaka kumbusu.

Nikamwomba aje Jumapili kusema maneno hayo hayo, ila bila ile ya hasara. Akakataa. Tangu mkewe afariki hatoki. Kuku watalishwa na nani? Nikasema jirani. Jirani hajui kuongea nao. Nikasema basi aongee nao asubuhi sana, mimi nitamfuata na gari, jioni nitamrudisha. Akachukua yai jingine. Akauliza huyo mtoto anafanana na nani. Nikasema na marehemu baba, hasa akipiga chafya.

Akaweka yai chini. Akasema atakuja, mradi akae kiti cha mbele na dirisha liwe wazi.

Nimerudi nikiimba njia nzima. Nimemwambia Mitsue: shahidi kapatikana! Akasimama na mwiko hewani. Akaniuliza kama nina hakika nataka kumleta Baba Mdogo siku hiyo, siku ile ile, mezani pale. Nikasema hakika tupu. Akauliza ana miaka mingapi sasa. Nikasema tisini na miwili, na akili kama wembe, anakumbuka hata rangi ya farasi.

Mitsue akasema, "Haya, baba Marina." Akarudi jikoni. Nikamsikia anacheka na sufuria. Wivu wa ndoa ndefu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Maandalizi. Nimekwenda mtoni kutafuta jiwe. Vijiti hugusishwa kwenye jiwe, halafu kwenye ufizi wa mtoto, ili meno yaote magumu. Karatasi ya Bi Nagashima inataka jiwe dogo. Nimechagua la heshima. Mitsue amesema hilo ni la kujengea. Nimechagua lingine.

Samaki: perege wa kilo moja na nusu, mkia umeinuliwa kwa uzi ili aonekane anaruka. Brunelli ameleta mkaa, nyama na binamu wawili. Akauliza kama wazee tumeruhusiwa chumvi. Nikamjibu kwamba kesho atajua nani mzee. Akasema, "Mkwe, mimi nakupa hata leo." Hila za dakika ya mwisho. Sikunaswa.

Pigo dogo: Bi Nagashima ndiye anayetuazima bakuli nyekundu, na Mitsue kamwalika. Kesho nitathibitisha umri wangu mbele ya katibu! Nimeingia jikoni kuhakikisha gunia la mchele limefungwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku ya mia. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa njiani. Baba Mdogo alikuwa amesimama barabarani na suti ya harusi yake, trei tatu za mayai mikononi. Dirisha wazi. Koo langu limeharibika kabisa.

Tulipofika, Marina alitoka mlangoni na mtoto. Alipomwona Baba Mdogo, akasimama. Kisha akaanza kulia. Nikafikiri labda ni mayai. Brunelli akavua kofia, binamu zake wakavua kofia. Baba Mdogo alipewa kiti changu. Shahidi lazima akae, nikasema, hakuna tatizo.

Kabla ya chakula nikagonga glasi. Nikasema familia ina swali la umri, na leo litajibiwa. Nikamkabidhi Baba Mdogo neno. Akasimama akiegemea meza, akaeleza ile baridi, majani meusi, mwezi wa saba, farasi mwekundu, blanketi, maji. Hasara pia akaitaja. Ushahidi wa chuma! Nikageuka, nikamtazama Brunelli usoni. Nikasema, kwa hiyo, wapendwa, mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote katika familia hii si wa sitini na tisa.

Brunelli akapiga makofi. Akasema kweli kabisa! Bi Nagashima akasema kweli kabisa. Nikanyoosha mkono kuchukua vijiti.

Havikuwapo.

Baba Mdogo alikuwa amekwisha kunawa. Mitsue alikuwa amemshikia taulo. Marina akampakata Caio mapajani mwa mzee yule, akafunga kitambaa shingoni mwa mtoto. Watu wote walikuwa wanamtazama Baba Mdogo, na waliponigeukia mimi, walinitazama kwa macho laini ambayo sijawahi kutazamwa nayo tangu nizaliwe mara zote mbili.

Ndipo nikafanya hesabu. Tisini na mbili. Sabini na moja. Hesabu yoyote utakayotumia, ya kale au ya kisasa.

Nilikuwa nimemfuata kwa gari. Kwa petroli yangu. Na dirisha wazi.

Sikupata nafasi ya kusema kitu, maana Marina alinikumbatia. Akaninong'oneza kwamba anajua ilinigharimu nini kwenda kule baada ya miaka sita. Kwamba nimekubali kuonekana mdogo ili mkubwa wetu apate nafasi yake. Kwamba hajawahi kujivunia baba kama leo. Brunelli akanipiga mgongoni, macho mekundu, akasema, "Kurimoto, wewe mtu." Mmoja wa binamu akaniamkia.

Ningefanyaje? Niliinamisha kichwa. Nikasema mila ni mila.

Baba Mdogo akaanza. Mkono wake hutetemeka tangu zamani. Hata chai hunywa kwa mikono miwili. Aliposhika vijiti ukatulia. Wali, supu, wali, samaki. Kila alipogusa midomo ya mtoto alisema maneno ya Kijapani cha nyumbani kwetu, yale aliyokuwa akisema babu, ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau na hata sikujua kwamba nimeyasahau. Mazoezi yangu yote na boga, sikuwahi kufikiria kuna maneno. Alipofika kwenye jiwe, akaomba meno magumu kwa Caio, akatabasamu, na jino lake moja likaonekana. Mtoto akakishika kidole chake, hakukiachia. Yule mzee akasema, haya, sasa nimekaribishwa.

Moshi wa nyama ulikuwa mwingi. Macho yangu yaliwasha.

Bi Nagashima alikuja kuniaga wa mwisho. Akasema ushahidi ulikuwa wazi sana. Akaomba kuja kesho, achukue bakuli zake. Na kitu kingine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Bi Nagashima amefika saa tatu kamili. Ameondoka na bakuli tano na kikombe kimoja. Alikipangusa unga wa mchele mbele yangu, bawa baada ya bawa. Akanipa fomu ya kujiunga na kundi la sabini na kuendelea. Huko yupo Okubara, ana themanini na sauti ya radi. Sawa. Nitamwuliza Okubara cheti chake kiliandikwa siku gani.

Vinginevyo, nyumba hii ina mtu mkubwa. Simu haijatulia tangu asubuhi. Ukumbini kwenye chama wanasimulia jinsi Isamu Kurimoto alivyokiacha kiti chake. Muuza mboga ameniongezea vitunguu. Mitsue peke yake hasemi kitu, ila kila nikipita anauliza kama shahidi alifika salama.

Sijasikitika. Nimejifunza mengi. La kwanza, nilianza kwa kuchelewa. Sasa nimewahi: Julai mtoto anatimiza mwaka. Siku hiyo huwekewa vitu mbele yake sakafuni, kalamu, kibao cha kuhesabia, mkasi, naye hutambaa akachagua kimoja, na hicho ndicho maisha yake. Brunelli ataleta mpira, namjua. Mimi nimeuza mbegu miaka arobaini. Nitaweka pakiti ya mbegu. Nimekwisha chora ramani ya sakafu: imeinamia upande wangu kidogo, nitaongezea kitabu chini ya ukingo wa mkeka. Nimeanza kumtikisia pakiti hiyo kila akija. Ana miezi tisa ya mazoezi. Brunelli hatashuku kitu.

Nimempigia Marina kuuliza, kwa mbali sana, kama baba mkwe amekasirika kunyang'anywa vijiti. Akashangaa, vijiti gani? Akasema siku ile ile ya kwanza, Jumamosi, Brunelli alimvuta pembeni akamwomba kazi hiyo nipewe mimi, ila nisiambiwe hadi siku yenyewe. Yeye hajui kuvishika.